Nyumba ya Kale Isiyowashwa Moto

Mgeni ashukaye kutoka Kilimanjaro kwa njia ya Marangu hapati shida kuyaona mambo ya kale ya Wachagga. Kwa ada ndogo huingizwa katika nyumba ya msonge iliyoezekwa nyasi toka kileleni mpaka ardhini, huonyeshwa mahali walipofungwa ng'ombe na mahali alipolala mama na watoto wake, hupewa mkuki aushike apigwe picha, kisha huteremshwa katika handaki walilolichimba wazee ili kujificha adui. Katika muda wa saa moja amekwisha kupita karne kadhaa. Hutoka nje akipangusa vumbi magotini, na kiongozi wake humwambia kwamba hivyo ndivyo walivyoishi Wachagga zamani.

Sivyo. Nyumba ile haina moto. Haina ng'ombe pia, wala samadi, wala mtu aliyeamka usiku ndani yake kwa sababu tone la mvua limemwangukia usoni. Katika nyumba ya kale meko ilikuwa ndani, pamoja na watu na mifugo, na moshi (moshi wa kuni, si mji) ulipanda polepole ukapenya katika nyasi, ukazikausha na kuwafukuza wadudu. Ng'ombe walioletewa majani zizini walitoa joto usiku wa baridi na samadi asubuhi. Samadi ilikwenda migombani. Migomba ikawalisha watu, na maganda na mashina yake yakarudi kwa ng'ombe. Nyumba, basi, ilikuwa kiungo kimoja katika mwili mzima wa kihamba. Ukiikata ukaisimamisha peke yake katika ua wa maonyesho, nyasi zake hunyonya maji na kuoza, huezekwa tena kwa ajili ya wageni wa msimu ujao, na hapana aulizaye kwa nini zimeoza upesi namna ile. Aliyeijenga hajui kama ameijenga sawasawa, maana hakuna kilichompima.

Hilo ndilo kosa, nalo si dogo. Kuyajenga upya mambo ya kale kwa uchunguzi, kwa kazi ya mikono na kwa kuyatenda tena ni elimu tukufu, yenye heshima katika vyuo vikuu vya dunia. Lakini ni elimu kwa sharti moja: jambo linalojengwa upya liachiwe nafasi ya kushindwa. Nyumba iruhusiwe kuvuja. Tanuri liruhusiwe kukataa kutoa chuma. Fundi aruhusiwe kusema mbele ya watu kwamba jambo hili halijui. Maonyesho yasiyoweza kushindwa hayawezi kufundisha, hata yapambwe kwa ngozi na shanga kiasi gani.

Mfano mzuri upo kwa Wamisri wa kale, ambao wanafunzi wengi wa Afrika Mashariki huzitaja fahari zao kwa majivuno kuliko wanavyoweza kuutaja ukoo wa mama zao. Katika makaburi ya Misri zimo picha za vyombo vya mafunjo ambavyo tezi yake imepinda juu kama shingo ya ndege, na toka ncha ya tezi hiyo kamba imeshuka mpaka kwenye sitaha. Mwaka 1969 Mnorwe mmoja, Thor Heyerdahl, alikusudia kuunda chombo cha namna hiyo na kukivusha bahari ya Atlantiki. Mafunjo yaliletwa kutoka Ziwa Tana katika Ethiopia, na mafundi wakatoka Ziwa Chad, ambako watu walikuwa wangali wakisafiria vyombo vya matete. Chombo kikaitwa Ra, kikatweka tanga huko Safi, Moroko. Ile kamba ya tezi ilidhaniwa kuwa ni ya kuupinda mkia tu, na mkia ulipokwisha kupindika kamba ilionekana haina kazi, ikaondolewa. Katikati ya bahari tezi ikalegea na kuzama, mawimbi yakapanda juu yake, na mabaharia wakakiacha chombo kabla ya kuifikia Barbados. Hapo ndipo ilipofahamika kwamba mchoraji wa kaburini hakuchora pambo. Mwaka uliofuata Ra ya pili, iliyoundwa na mafundi wa Ziwa Titicaca katika Amerika ya Kusini, ilifika Barbados kwa siku 57.

Kama Wamisri waliwahi kuvuka Atlantiki ni neno jingine, na wataalamu wengi hawalikubali, nao wana haki. Lakini habari ya kamba haina mpinzani. Wasomi walikuwa wameitazama picha ile miaka mingi, wameipiga chapa katika vitabu, wameifundisha darasani. Ikahitajiwa chombo kimoja kizame ndipo isomwe.

Misri hiyo hiyo hutoa na onyo. Hassan Ragab, mhandisi wa Kimisri, alijishughulisha katika miaka ya 1960 na kuitafuta tena sanaa ya kutengeneza karatasi ya mafunjo, sanaa iliyokuwa imesahauliwa kwa karne nyingi. Alipanda mafunjo, akajaribu, akaharibu, akajaribu tena mpaka karatasi ikapatikana. Hiyo ilikuwa kazi ya elimu. Baadaye, katika miaka ya 1980, mtu yule yule alifungua kijiji cha Mafarao katika Cairo, ambako wageni hupitishwa kwa mashua mbele ya waigizaji wanaolima, wanaosuka na wanaosali kwa zamu. Na leo mgeni asiye mwangalifu katika masoko ya Misri huuziwa kwa bei ya mafunjo karatasi iliyotokana na migomba. Mchagga anayejua thamani ya mgomba aweza kucheka. Lakini afadhali acheke akikumbuka kwamba njia kutoka katika karakana ya Ragab mpaka katika karatasi ile ya uongo haikuwa ndefu, na kwamba Marangu nayo imo njiani.

Tanzania haikosi mfano wake, na bora kuliko wa Heyerdahl, kwa kuwa wenye elimu walikuwa wenyeji. Katika nchi ya Wahaya, magharibi mwa Ziwa Viktoria, Peter Schmidt, mtaalamu wa mambo ya kale kutoka Marekani, aliwaomba wazee mwaka 1976 wayeyushe chuma kama walivyofanya ujanani mwao. Miaka mingi ilikuwa imepita tangu matanuri yazimike. Majembe ya madukani yalikuwa yameiua kazi ile. Wazee wakajenga tanuri la udongo wa kichuguu na mavi ya chuma, wakachoma nyasi za kinamasi katika shimo lake, wakaingiza kewa za udongo mpaka ndani, wakavukuta. Majaribio ya kwanza hayakuwaridhisha. Walikuwa wamesahau mambo, au kila mmoja alikumbuka sehemu yake. Wakabishana, wakabadili, wakarudia, na ilipatikana njia iliyokubali. Mwaka 1978 Schmidt na mwenzake Donald Avery walitangaza katika jarida la Science kwamba hewa iliyopashwa moto ndani ya kewa kabla ya kufika kwenye makaa ndiyo iliyoliongezea tanuri joto. Wataalamu wengine walilipinga neno hilo kwa hoja za nguvu, na mabishano yakaendelea miaka mingi. Basi na iwe hivyo. Jambo lililobishaniwa ni jambo lililofanyika. Hakuna aliyewahi kubishana na mkuki wa kupigia picha.

Sasa na arudi msomaji Kilimanjaro. Katika Mamba, jirani ya Marangu, wako wafua chuma ambao kazi yao haijakatika. Mivukuto yao ni ya ngozi ya mbuzi, na vyuma vyao hupigwa juu ya fuawe kwa mikono iliyofundishwa na mikono ya baba zao. Wageni huwatazama, ni kweli, lakini karakana yao haikosi cha kuipima: mkuki ukipinda, kengele ya ng'ombe ikikosa kulia, mnunuzi huirudisha. Chuma chenyewe, hata hivyo, siku hizi ni chakavu cha magari. Hapo zamani kilitoka Ugweno, katika milima ya Upare wa Kaskazini, ambako mchanga mweusi wenye chuma ulikusanywa vijitoni ukayeyushwa, na kazi hiyo ilikuwa chini ya ukoo wa Washana, ambao zamani walikuwa na enzi mpaka waliponyang'anywa na Wasuya. Isaria Kimambo aliyaeleza hayo katika historia yake ya Wapare iliyotoka mwaka 1969. Kwa hiyo silaha na majembe ya Kilimanjaro yalianza safari yake katika vijito vya watu wengine, na kila jembe lilikuwa mkataba baina ya milima miwili.

Ni nani basi aliyekwenda Ugweno na ndoo, akauchota mchanga ule, akautia tanurini mbele ya Wagweno na wafua chuma wa Mamba, akaandika kilichotokea? Zipo fedha za kujenga vibanda vya nyasi njiani kwa wageni. Wapo wanafunzi wanaotafuta kila mwaka jambo la kuandikia tasnifu, na aghalabu huandika juu ya mambo yaliyokwisha kuandikwa. Wafua chuma wapo, wana macho ya kupima chuma kizuri na kibaya kuliko mtaalamu yeyote wa maabara. Kinachokosekana ni moyo wa kukubali kwamba tanuri la kwanza litashindwa, na la pili, na kwamba kushindwa huko ndiko kutakakotiwa katika kitabu.

Wako wasomi ambao hawatakubali kwamba hatari ipo. Husema mambo ya Wachagga yamekwisha kuandikwa, kwa hiyo hayawezi kupotea. Yameandikwa kweli, na kwa wingi kuliko ya makabila mengi. Bruno Gutmann, mchungaji wa Kilutheri wa misheni ya Leipzig, aliyefika mwaka 1902 na kuondoka kwa mwisho mwaka 1938, aliandika sheria za Wachagga katika kitabu kikubwa cha mwaka 1926, kisha akatoa mafunzo ya jando na ya ukoo katika mabuku matatu kati ya mwaka 1932 na 1938. Charles Dundas alitoa kitabu chake mwaka 1924. Mangi Petro Itosi Marealle aliandika kwa Kiswahili Maisha ya Mchagga Hapa Duniani na Ahera, kilichotoka mwaka 1947, na mpaka leo ni kitabu ambacho mwanafunzi wa Kiswahili hana udhuru wa kutokukisoma. Hazina hiyo ni kubwa. Lakini ni picha ya kaburini; kamba imo, na asiyekwenda baharini hataiona.

Chukua mregho. Hii ilikuwa fimbo iliyochongwa alama, nayo ilitumiwa kuwafundisha vijana waliokwisha kutahiriwa. Mwalimu alipita alama kwa alama, na kila alama ilisimamia fundisho lake juu ya mwili, uzazi, heshima na ukoo. Makanisa yaliyapiga vita mafunzo hayo, na kwa kinyume cha ajabu ni mchungaji aliyeyahifadhi katika maandishi. Fimbo zimo katika makumbusho, maneno yamo vitabuni. Lakini fundisho lililosemwa usiku, kwa sauti fulani, mbele ya kijana mwenye jeraha na hofu, likasimamishwa na kurudiwa mpaka likamkaa rohoni, halimo katika fimbo wala katika kitabu. Mwigizaji anayeishika fimbo ile mbele ya wageni na kuwaambia kwamba hii ni shahada ya zamani amesema maneno matano, na yote matano ni matupu.

Tena kuna ubaya mwingine katika kutegemea vitabu peke yake, nao ni wa duara. Mtafiti husoma Gutmann au Marealle, huenda Old Moshi au Vunjo kumwuliza mzee, na mzee humjibu yale yale yaliyomo kitabuni. Mtafiti hufurahi kwamba kitabu kimethibitishwa. Hakumwuliza mzee kama amekisoma. Yamkini baba yake alikisoma kwa sauti nyumbani jioni, miaka sitini iliyopita, na tangu hapo kitabu kimekuwa kumbukumbu ya nyumba. Njia ya kutoka katika duara hilo ni mikono. Mzee aombwe aezeke, asielezwe. Ndipo itakapodhihirika anajua nini ambacho hakuna kitabu kilichomwambia, na nini alichokisoma tu.

Nao wanaounda upya kwa haraka huunda hata yale ambayo hayakuwapo. Huko Marangu huonyeshwa nyumba ya Mchagga, kana kwamba ilikuwako moja. Mlima ulikuwa na nchi nyingi, kila nchi na mangi wake, na watu walijiita Wamachame, Wakibosho, Waseri au kwa jina la nchi nyingine waliyotoka. Jina la Wachagga lilienezwa na watu wa misafara ya pwani. Kirombo na Kimachame havisikilizani kwa urahisi hata leo, na nyumba za upande wa Machame hazikuwa sawa na misonge ya mashariki. Mangi Rindi wa Moshi na Mangi Sina wa Kibosho hawakuwa ndugu wa tamasha moja. Walikuwa maadui waliochomeana nchi.

Umoja wenyewe uliwahi kuvikwa vazi la kale. Mwaka 1951 Thomas Marealle alichaguliwa kuwa Mangi Mkuu wa Wachagga wote, akasimikwa mwaka 1952 kwa shangwe, na Siku ya Wachagga ikaadhimishwa kwa gwaride na bendera. Wengi waliokuwapo uwanjani walidhani wanarudia jambo la mababu. Mababu hawakumjua Mangi Mkuu. Cheo kilikuwa kipya kama magari yaliyowaleta wageni, na mwaka 1960 watu wale wale walikiondoa kwa kura. Hakuna aibu kubuni jambo jipya, na Marealle alikuwa na sababu zake za siasa. Aibu humwangukia mwanachuo anayelikuta jambo hilo katika picha za zamani na kulitaja kuwa mila.

Mahandaki nayo yasimuliwe kwa ukweli. Husemwa mbele ya wageni kwamba yalichimbwa kwa hofu ya Wamasai. Wamasai walishambulia, ni kweli. Lakini askari wa mangi wa bonde la pili nao walikuja usiku, wakachukua ng'ombe na watu, na baadhi ya watu hao waliuzwa kwa misafara iliyokwenda pwani. Ni rahisi kumtaja Mmasai, naye hununua mikuki na hachukii. Ni vigumu zaidi kumwonyesha mgeni, au mjukuu, lile pembe la handaki ambapo mama alimziba mtoto mdomo asimsikie mtu aliyejua lugha yake. Maigizo yanayoogopa kuwahuzunisha watazamaji hayafai kuitwa ya kihistoria.

Uchunguzi wa kweli huweza kujibu la. Mangi Meli wa Moshi alinyongwa na Wadachi tarehe 2 Machi 1900 pamoja na wengine kumi na wanane, na jamaa zake wametafuta kichwa chake kwa miaka mingi, wakiamini kwamba kilipelekwa Ujerumani. Mwaka 2023 wataalamu wa Berlin walitoa majibu ya kulinganisha mafuvu ya makumbusho na vinasaba vya jamaa waliopo: mafuvu kadhaa yalipata wenyewe, moja likiwa la Akida, mshauri wa Meli. Fuvu la Meli halikuwamo katika majibu yale. Ingekuwa rahisi, na yenye faida, kumridhisha kila mtu kwa fuvu lolote. Wazee wa Old Moshi walipewa ukweli badala yake, nao wameubeba. Watu walioweza kuubeba ukweli wa namna hiyo hawahitaji kubembelezwa kwa nyumba ya maigizo.

Hapa huinuka wale wanaosema: yaliyopita si ndwele. Vijana wa Moshi wanataka kazi na ada za shule. Nyumba ya nyasi ilikuwa na moshi, viroboto na maradhi ya macho, na aliyeingia katika nyumba ya mabati hakurudi nyuma hata kwa kutazama. Kauli hiyo ina uzito, na ni ya watu walioishi, si ya waliosoma. Hakuna anayemtaka bibi wa Kirua arudi kulala na ng'ombe. Lakini waisemao huishi juu ya mambo ya kale bila kujua. Kahawa iliyowasomesha watoto wa mlima, na ambayo chama cha KNCU kiliiuza tangu mwaka 1933, ilipandwa chini ya migomba ya kihamba cha zamani na kustawishwa kwa samadi ya zizi la zamani. Mwaka 2011 shirika la FAO liliitambua bustani ya vihamba ya Shimbwe Juu kuwa urithi wa kilimo wa dunia, na ilibidi watu wa Roma waje kusema ndipo baadhi ya wasomi wa Moshi waone walichokuwa wakikikanyaga wakienda shuleni.

Na mfongo je? Mfereji huo huanza juu mtoni, kwa kizuizi cha mawe, udongo wenye majani na mashina ya migomba, ukazunguka ubavu wa mlima kwa mteremko mdogo sana, mara nyingine maili kadhaa, mpaka kwenye kihamba. Kipimo cha mteremko kilikuwa maji yenyewe na jicho la mtu mmoja aliyesifiwa kwa kazi hiyo. Ukoo ulioanza kuuchimba ulikuwa na heshima yake, kila mtu alikuwa na zamu yake ya maji, na asiyejitokeza siku ya kusafisha alitozwa au akanyimwa. Wazungu waliofika karne ya kumi na tisa walistaajabu kuuona. Mfongo haukuhitaji kuigizwa, kwa sababu haukufa; lakini sheria ya maji ya mwaka 1974 ilitaka kila atumiaye awe na haki iliyoandikwa na kupimwa, mabomba yakashuka toka msituni, vijana wakahamia mijini, na mifongo mingi ikakauka bila mtu kuandika jina la aliyeipima. Ulezi wa mbege, ambao zamani ulilimwa kwa maji hayo hayo, sasa hununuliwa sokoni umetoka mikoa mingine. Mbege yenyewe ingali hai, na kwa bahati njema hakuna aliyehitaji kuipangia maonyesho: ndizi huchemshwa na kuachwa siku zake, kimea cha ulezi huchanganywa, gome la msesewe hutia uchungu, na mnywaji wa kilabuni huhukumu papo hapo. Mpishi aliyekosea hubaki na pipa lake.

Hiyo ndiyo tofauti, na wasomi wa nchi hii wameivumilia kwa muda mrefu kana kwamba haiwahusu. Pombe ina mahakimu kila jioni. Karakana ya Mamba ina wanunuzi. Nyumba ya msonge haina hata hakimu mmoja. Mzee aliyelala ndani ya nyumba hizo utotoni bado yupo katika vijiji vya Rombo na Vunjo, ana miaka themanini na zaidi, na hakuna anayemwita. Anayeitwa ni kijana mwenye sauti nzuri na Kiingereza kizuri.

Utetezi wa mwisho wa wenye maonyesho ni fedha, nao usidharauliwe. Ada ya mgeni hulisha watu, na handaki lililokuwa limefukiwa limezibuliwa kwa ajili yake. Vema, ada ipokewe. Lakini kila Desemba barabara ya Moshi hujaa magari ya Wachagga wanaopanda nyumbani kwa Krismasi kutoka Dar es Salaam, Arusha na Nairobi, na ndani ya magari hayo wamo watoto wasiojua neno la Kichagga zaidi ya salamu. Watoto hao hupelekwa Marangu, hulipiwa kiingilio, hutazama nyumba ya babu yao pamoja na Wazungu, na husikia habari zake kwa lugha ya Wazungu. Wakitoka pale wamejifunza kwamba babu alikuwa mtu wa kutazamwa. Fedha hiyo ni ghali.

Kazi inayotakiwa haiwashindi watu wa chuo kikuu kimoja na kijiji kimoja. Wateuliwe wazee sita, watatu wa Rombo na watatu wa Machame, ili wasikubaliane upesi. Wachague wenyewe miti, nyasi na kamba, na mwanafunzi asiwafundishe neno. Kazi yake ni kuandika kwa Kiswahili, na majina ya miti na ya sehemu za nyumba kwa Kichagga cha mahali pale, na kuandika kwanza walipobishana. Nyumba zijengwe mbili, kila moja mahali pake, na jamaa iliyokubali na kulipwa iishi humo kwa masika moja na vuli moja, na wageni wasiingie mpaka muda huo upite. Kila inapovuja iandikwe. Ugweno nako ujengwe mtaro mmoja wa kukusanyia mchanga mweusi, na wafua chuma wa Mamba waalikwe kupima kitakachotoka, hata kama ni mavi matupu ya chuma.

Ujenzi uanze mwezi wa Septemba, nyasi zikiwa kavu na vuli haijanyesha. Meko iwekwe kabla paa halijafungwa, na ng'ombe waingizwe siku ile ile moto unapowashwa.